Fundi rangi asiguse kitasa

Mhasibu wa ofisi ninayoitunzia kompyuta ni mama wa makamo ambaye ameitumia programu ileile ya hesabu tangu kabla mimi sijaajiriwa. Kipanya hukigusa kwa nadra. Vidole vyake vimeshika njia, na siku yenye watu wengi huingiza malipo kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifikia. Mwaka huu macho yalianza kumsumbua, akaniita na kuniambia, "Mwanangu, maandishi haya siyaoni vizuri, hebu nitafutie yaliyokolea." Programu hiyo imeandikwa kwa Java, na katika menyu yake kuna mahali pa kuchagua mwonekano: ule wa Windows aliokuwa akiutumia, na ule wa asili wa Java unaoitwa Metal, ambao maandishi ya vitufe na menyu zake ni mazito zaidi. Nikamchagulia Metal. Alinishukuru sana, nami nikaondoka nikiamini kwamba nimefanya kazi ndogo yenye faida.

Siku mbili baadaye alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefedheheka. Alikuwa amebonyeza amri ya kufuta kwa bahati mbaya, kidirisha kikamuuliza kama ana hakika, naye akafanya kama alivyofanya siku zote: alibonyeza Tab ili kuhamia kwenye "Hapana", kisha akabonyeza Enter. Rekodi ya malipo ikafutika. Aliapa kwamba alichagua Hapana, na baadhi ya wenzake ofisini walimtazama kama mtu anayetafuta kisingizio. Niliketi kwenye kiti chake, nikazirudia hatua zake kwa rekodi ya majaribio, nikaona kwamba alikuwa akisema kweli tupu. Rekodi tuliirudisha kutoka kwenye nakala ya usiku uliotangulia, lakini yale macho aliyotazamwa nayo sikuweza kumrudishia.

Kilichotokea kinaeleweka vizuri na wala si hitilafu kwa maana ya kawaida. Katika mwonekano wa Windows, kitufe kilichofikiwa kwa Tab ndicho kinachotii Enter. Katika Metal, Enter ni mali ya kitufe cha chaguomsingi cha kidirisha, yaani kile kilichoteuliwa tangu mwanzo, hata kama umeshahamia kwenye kitufe kingine, na ili kukibonyeza hicho kingine unatakiwa kutumia mwambaanafasi, kile kibonye kirefu cha kuacha nafasi. Kwa kuwa "Ndiyo" ndicho kilichokuwa kitufe cha chaguomsingi, Enter ya mama yule iliruka juu ya chaguo lake na kwenda kutekeleza kinyume chake. Ndani ya Swing, maktaba ya Java inayochora madirisha na vitufe, jambo hili linaamuliwa na thamani moja tu ya ndiyo au hapana, na kila mwonekano huja na jibu lake. Mimi niliomba maandishi mazito. Nilipewa maandishi mazito pamoja na maana mpya ya Enter, na hakuna mahali popote kwenye menyu ile palipoandikwa kwamba viwili hivyo vimefungwa katika furushi moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo awali nililiona la wapenda urembo wa kompyuta peke yao: je, mandhari ya eneokazi, yaani seti ya rangi, aikoni na mipaka inayoipa skrini sura yake, iwe na mamlaka ya kubadilisha jinsi programu inavyotenda? Jibu langu ni hapana, na ninalishikilia kwa nguvu. Fundi rangi uliyemwita apake ukuta hana ruhusa ya kubadilisha kitasa cha mlango, hata kama kitasa chake ni bora kuliko cha zamani, kwa sababu wewe utarudi usiku na ufunguo wako wa siku zote.

Kwa waliounda Swing haki inanitaka niseme kwamba walikuwa na nia njema. Maktaba hiyo ilipokuja na Java 1.2 mwaka 1998, ahadi ilikuwa kwamba programu moja itaweza kukimbia popote na kufanana na wenyeji wa kila mfumo, na mwenyeji wa kweli hatambulikani kwa mavazi peke yake bila mwenendo. Programu inayovaa sura ya Windows lakini ikakataa desturi za Windows ingekuwa mgeni aliyevaa nguo za kuazima. Kwa hiyo walifunga sura na mwenendo pamoja. Kasoro ilianza pale kifungu hicho kilipowekwa mbele ya mtumiaji kama jambo la kuchagua kwa macho. Watumiaji wa Mac wanalijua tatizo hili kwa njia nyingine: ukiiendesha programu ya Java kwa mwonekano wa Mac, unanakili kwa Command na C, ukiibadilisha ikavaa Nimbus, ule mwonekano uliokuja na Java 6 mwaka 2008, kunakili kunahamia Control na C, ilhali programu nyingine zote zilizofunguliwa pembeni yake zinaendelea na Command. Mtu amebadilisha umbo la vitufe, na mkono wake umegeuka mkono wa mtu asiyejua kompyuta.

Katika Linux, mfumo endeshi huria, jambo hili lina historia ndefu zaidi, na sehemu yake mimi mwenyewe nimeiishi. GTK 2, maktaba iliyokuwa msingi wa eneokazi la GNOME tangu mwaka 2002, iliruhusu mandhari kuja na injini yake, yaani msimbo halisi uliopakiwa ndani ya kila programu inayofunguliwa. Injini mbovu iliweza kuangusha kikokotoo, kihariri cha maandishi na kivinjari kwa pamoja, na mtumiaji akalaumu programu hizo. Hata bila injini, faili la maandishi la mandhari liliweza kugusa mambo ambayo hayakuwa na rangi ndani yake. Palikuwa na sifa moja iliyoamua kama kisanduku cha kuchagulia kitafunguka kama menyu au kama orodha. Huenda mtu akasema hiyo ni sura tu, lakini kisanduku kinachofunguka kama menyu na kinachofunguka kama orodha havitembezwi kwa namna moja, na orodha yenye majina mia moja ikigeuka menyu inajaa skrini nzima. GTK 3, mwaka 2011, ilihamia kwenye lugha ya mitindo inayofanana na ile ya kurasa za wavuti, na hata humo ikabaki njia ya kuandika, katikati ya rangi na pembe, ni kibonye gani kifanye kitendo gani. GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, iliiondoa njia hiyo.

Ninaiunga mkono hatua hiyo, lakini siwezi kupita bila kusema kwamba iliwaumiza watu. Wapo waliokuwa wamezoea mikato ya kibodi ya Emacs, kihariri cha maandishi cha tangu zamani, katika kila kisanduku cha maandishi, na GTK 3 ilikuwa na mpangilio maalumu wa kuwapa mikato hiyo, mpangilio uliosimama peke yake, uliotajwa kwa jina lake, na usiohusiana na rangi yoyote. Nao uliondolewa pamoja na kile kilichostahili kuondolewa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba mwenendo wa programu usibadilishwe na mtumiaji kabisa. Ubadilishwe, tena kwa uhuru mkubwa, ila mlango wake uwe wake, wenye jina lake, na mtu anapoufungua ajue ameufungua.

Wengi wanakumbuka Aprili 2010, Ubuntu 10.04, toleo la mfumo mmoja wa familia ya Linux, ilipotoka na mandhari mpya za Ambiance na Radiance, na vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha vikahamia kushoto baada ya miaka ya kukaa kulia. Kelele zilikuwa nyingi na kwa sehemu kubwa zilihusu upande gani ni bora, hoja ambayo hainivutii sana. Kilichonigusa ni kwamba mpangilio wa vitufe uliandikwa ndani ya faili la mandhari, mstari mmoja katikati ya majina ya aikoni na ya mipaka ya madirisha. Mtu akizipenda rangi za Ambiance, kitufe cha kufunga kinahama; akizichoka na kurudi kwenye mandhari nyingine, kitufe kinarudi. Mahali pa kitufe cha kufunga ni jambo ambalo mkono hulikariri bila kuuliza akili, na kulifunga kwenye rangi ni kuudharau mkono. Vitufe hivyo vilikaa kushoto mpaka Ubuntu 17.10, Oktoba 2017, na wakati huo walikuwapo waliokwisha kuzoea kushoto ambao walisumbuka upya.

Mpaka hapa ningeweza kuonekana kama mtu anayedai kwamba kuna mstari ulionyooka: upande huu sura, upande ule mwenendo. Nilikuwa nikiamini hivyo. Xfce ndiyo iliyonifundisha kwamba mambo si mepesi kiasi hicho. Ni eneokazi jepesi ninalolipenda kwa kompyuta za zamani, na msimamizi wake wa madirisha, xfwm4, huchora mpaka wa dirisha kwa picha ndogo zinazotoka kwenye mandhari. Eneo unaloweza kulikamata kwa kipanya ili kutanua dirisha ni upana wa picha hiyo. Msanii akichora mpaka wa pikseli moja kwa sababu unapendeza, na wengi wamefanya hivyo, basi kutanua dirisha kunakuwa sawa na kutunga uzi kwenye sindano. Nimemwona kijana mzima, mwenye macho mazuri na mkono uliotulia, akijaribu mara tano kuikamata kona ya dirisha na mwishowe kuacha lilivyo. Nilimwonyesha kwamba anaweza kushika Alt na kuburuta kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akashangaa, lakini nani angejua hilo bila kuambiwa?

Hakuna msimbo uliobadilishwa hapo. Hakuna kibonye kilichopewa maana mpya. Msanii alichora mstari mwembamba tu, na kwa kuchora akaondoa uwezo. Paul Fitts alionyesha tangu mwaka 1954 kwamba muda wa kukifikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake, kwa hiyo kila anayepunguza ukubwa wa kitu kinachobofywa anagusa mwenendo, atake asitake. Hali ni hiyohiyo kwa alama inayoonyesha ni kitufe gani kimefikiwa na Tab. Zipo mandhari zinazoififisha alama hiyo mpaka isionekane kwa sababu inaharibu usafi wa umbo, na kwa mtu anayetumia kibodi peke yake, labda kwa sababu mkono wake hauwezi kipanya, programu nzima inakuwa chumba chenye giza. Vitufe vyote bado vinafanya kazi. Yeye tu hajui yuko wapi.

Kwa hiyo nimelazimika kuiweka kanuni yangu upya. Mandhari haiwezi kuzuiwa isiathiri matumizi, kwa kuwa tunatumia tunachokiona. Inachopaswa kuzuiwa ni mambo mawili: isibadilishe maana ya kitendo cha mtumiaji, na isipunguze uwezo wake wa kukitenda. La kwanza linaweza kulindwa na mashine, kwa kuinyima mandhari lugha ya kusemea mambo hayo. La pili linahitaji msingi ulio chini ya mandhari uwe na kiwango cha mwisho usichokubali kushushwa. Kwa mfano, eneo la kukamata mpaka wa dirisha liwe pana kuliko mstari unaochorwa, jambo ambalo wasimamizi wengine wa madirisha hulifanya bila kuuharibu uzuri wowote.

Kuna tukio la Machi 2024 ambalo linapaswa kutajwa kwa sababu linaonyesha mwisho wa njia hii. Mtumiaji mmoja wa eneokazi la KDE Plasma alipakua mandhari kutoka kwenye duka la mtandaoni la KDE, akaiweka, na mafaili yake binafsi yakafutwa. Haikuonekana kuwa hila. Ulikuwa msimbo ulioandikwa bila uangalifu. Katika Plasma, ile inayoitwa mandhari ya jumla hubeba rangi na aikoni, lakini pia inaweza kubeba vijiprogramu na hati zinazotekelezwa kwa ruhusa zote za mtumiaji. Wasanidi wa KDE walitoa tahadhari na kueleza kwamba wanahitaji kuonyesha wazi zaidi ni maudhui gani ya duka yanabeba msimbo. Ninawaheshimu kwa kusema hadharani. Hata hivyo tatizo lilianza kabla ya kosa la yule aliyeandika msimbo: lilianza kwenye neno. Mtu akiambiwa "mandhari", analegeza tahadhari yake, kama ambavyo asingeilegeza kwa neno "programu", na ni haki yake kulegeza, kwa kuwa neno limemwahidi picha.

Vivinjari vya wavuti vilikwisha kupita njia hii. Internet Explorer iliruhusu faili la mitindo kuambatisha msimbo kwenye ukurasa, na Firefox nayo ilikuwa na njia yake, ambayo mandhari kamili za enzi zile ziliweza kuitumia. Zote mbili zimeachwa, na Firefox 57 ya Novemba 2017 ilizifunga mandhari za namna hiyo kabisa.

Ugomvi ninaoufuatilia kwa uchungu zaidi ni ule wa GNOME, kwa sababu pande zote mbili ni watu ninaowategemea. Mei 2019 kundi la wasanidi wa programu za GNOME waliandika barua ya wazi kuwaomba wasambazaji wa Linux waache kuzivika programu zao mandhari zisizojaribiwa nazo. Walilalamika kwamba maandishi yanapotea juu ya rangi inayofanana nayo, aikoni zinabadilishwa zikapoteza maana, na mtumiaji anapokwama huwaandikia wao, wala si yule aliyeibadilisha sura. Walisema pia kwamba mtu anayechezea kompyuta yake mwenyewe hawana ugomvi naye. Kisha ikaja libadwaita, maktaba ya GNOME inayozipa programu zake sura moja; toleo la 1.0 lilitoka mwisho wa Desemba 2021, na programu zinazoitumia hazisikilizi tena mandhari ya GTK iliyochaguliwa kwenye mfumo.

Nimewahi kukaa upande wa anayepokea malalamiko, kwa hiyo naielewa barua ile. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Mama yule wa hesabu hakuomba urembo, aliomba kuona. Ukiifunga sura yote kwa sababu wengine waliitumia vibaya, anayefungiwa nje kwanza ni yeye. Ndiyo maana nilifurahi GNOME 42 ilipoleta, Machi 2022, chaguo la mfumo mzima la rangi za giza ambalo programu huliuliza na kulijibu kwa namna zilivyojijaribu zenyewe, na GNOME 47 ilipoongeza rangi ya msisitizo mwezi Septemba 2024. Njia hiyo ni finyu, na wapo wanaosema ni finyu mno. Timu ya Linux Mint, mfumo mwingine wa familia ya Linux, ilifikia hatua ya kutengeneza tawi lao, yaani nakala waliyoibadilisha wenyewe, la libadwaita ili kurudisha mandhari. Mimi ningependa upana zaidi: ukubwa wa nafasi kati ya vitufe, unene wa mipaka, ukali wa tofauti kati ya maandishi na usuli. Lakini umbo la njia ni sahihi. Mtumiaji anasema anachotaka, programu inaamua jinsi ya kukitimiza bila kuvunjika, na katikati yao hakuna faili linaloweza kusema lolote kuhusu Enter.

Qt, maktaba iliyo chini ya KDE, inatoa somo la kati. Mtindo wa Qt huulizwa maswali mengi ya mwenendo: je, kubofya pembeni ya kitelezi kukisogeze ukurasa mmoja au kukipeleke moja kwa moja pale ulipobofya, je, kitu kwenye orodha kifunguke kwa bofyo moja, je, vitufe vya kidirisha vipangwe kwa utaratibu gani. Kwa mtazamo wa kwanza ni kosa lilelile la Swing. Tofauti ni kwamba mtindo wa KDE, unapoulizwa kuhusu bofyo moja au mawili, huenda kulitafuta jibu kwenye mipangilio ambayo mtumiaji aliichagua mwenyewe, mahali penye jina linaloeleweka. Mtindo umekuwa tarishi; hautoi hukumu. Plasma 6 ilipobadilisha chaguomsingi kuwa mabofyo mawili, Februari 2024, aliyetaka bofyo moja aliweza kulirudisha bila kugusa rangi hata moja, na atakayebadilisha rangi kesho hatalipoteza.

Kwa programu ile ya hesabu sikuweza kuipata njia kama hiyo, kwa kuwa thamani ya Enter haikuwekwa popote kwenye mipangilio yake. Niliurudisha mwonekano wa Windows, kisha nikavikuza vitu vyote kwenye skrini kupitia mipangilio ya mfumo wenyewe. Maandishi si mazito kama yale ya Metal, lakini ni makubwa, na mama anasema yanamtosha. Niliwaeleza pia wenzake, mbele yake, kilichotokea hatua kwa hatua, na kwamba kosa lilikuwa langu. Tangu hapo, kila ninapoigusa kompyuta yake, hata nikiwa nimefuta vumbi tu, husubiri niinuke, huketi, hufungua rekodi ya majaribio, hubonyeza amri ya kufuta, kisha Tab, kisha Enter, na huangalia kama rekodi ingali pale ndipo afungue daftari la siku.